Fedha za Serikali kwa Masomo ya Chuo: Zilivyotolewa Zamani na Zinavyoombwa Leo

Watu wengi hudhani ya kuwa zamani Serikali ilimsomesha kijana bure, na ya kuwa siku hizi imeiacha kazi hiyo, inakopesha tu kama mwenye duka. Neno hilo twalisikia sana, hasa kwa wazee waliosoma wenyewe kwa fedha za Serikali, ambao sasa wawatazama wajukuu wao wakihangaika na makaratasi. Lakini tukizifuata habari za nchi yetu tangu siku za Waingereza hata leo, hatuoni wakati wo wote Serikali ilipotoa fedha za chuo pasipo kudai kitu. Kilichobadilika ni kile kinachodaiwa. Tena amebadilika yule anayepaswa kuleta ushahidi. Twataka kuyaeleza hayo kwa urefu kidogo, maana mzazi asiyeyajua aweza kumpotezea mtoto nafasi yake, na kijana asiyeyajua aweza kujifunga deni asilolielewa.

Katika siku za Waingereza Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Kijana aliyemaliza masomo ya juu kule Tabora, au Minaki, au Pugu, alielekeza macho yake Makerere katika nchi ya Uganda. Makerere ilianza mwaka 1922 kuwa shule ya ufundi, ikakua kidogo kidogo, hata mwaka 1949 ikawa chuo kikuu chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha London. Waliotoka kwetu kwenda huko walikuwa wachache sana. Walichujwa kwa mtihani na kwa ushuhuda wa walimu wao, na aliyepita tundu hilo la sindano alipata msaada wa Serikali. Serikali nayo ilijua inalolitaka: ilitaka waganga wasaidizi, walimu, makarani, na mabwana shamba wa kuifanyia kazi.

Mfano ulio maarufu kuliko yote ni wa Julius Nyerere. Alikwenda Makerere mwaka 1943, kisha akarudi kufundisha shule ya Mtakatifu Maria huko Tabora. Mwaka 1949 akapelekwa Chuo Kikuu cha Edinburgh katika Scotland, kwa fedha za mfuko wa Maendeleo na Ustawi wa Makoloni, yaani mfuko wa Serikali ya Uingereza yenyewe, akapata digrii yake mwaka 1952. Alikuwa miongoni mwa Watanganyika wa kwanza kabisa kusoma katika chuo kikuu cha Uingereza. Hivyo Waingereza walimlipia masomo mtu ambaye, miaka michache baadaye, aliwaomba kwa adabu wafunge mizigo yao. Sidhani, wala sisi wenzangu hatudhani, ya kuwa mwandishi wa fedha aliyeidhinisha malipo yale alikuwa na habari.

Nchi ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, matunda ya mpango ule wa kusomesha wachache yalionekana wazi. Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha hata katika uzee wake ya kuwa Waingereza walituachia wahandisi 2 na madaktari 12. Wiki sita tu kabla ya uhuru, tarehe 25 Oktoba 1961, chuo kikuu chetu cha kwanza kilifunguliwa Dar es Salaam, katika nyumba ya chama cha TANU mtaa wa Lumumba. Kilikuwa na somo moja tu, sheria, na wanafunzi wake hawakufika 15. Mwaka 1963 chuo hicho, pamoja na Makerere na Nairobi, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwaka 1964 kikahamia mlimani, mahali kilipo hata sasa. Na mwaka 1970 kikasimama peke yake kwa jina la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kwa kijana wa kijijini siku zile zilikuwa za ajabu. Ada ya shule za sekondari ilifutwa mwaka 1964, na aliyechaguliwa kuingia chuo kikuu alilipiwa karibu kila kitu: mafunzo, chakula, kitanda. Hakuulizwa baba yake ana ng'ombe wangapi. Lililoulizwa ni maksi. Wazee husema kweli wanapoikumbuka neema hiyo. Lakini mara nyingi husahau kusimulia ile hati waliyotia sahihi. Aliyepokea ruzuku ya Serikali alifungwa kwa ahadi ya kufanya kazi miaka 5 mahali po pote atakapopangiwa. Aliyesomea ualimu hakuchagua Dar es Salaam au Moshi; barua ilimwambia Newala, naye akaenda Newala. Serikali ilikuwa imepiga hesabu, katika Mpango wa Maendeleo wa Miaka Mitano ulioanza mwaka 1964, ya wataalamu wangapi watakiwao ili ifikapo mwaka 1980 nchi ijitegemee kwa watu wake wenyewe, na kila kijana aliyelipiwa alikuwa tarakimu moja katika hesabu hiyo.

Basi ikatokea habari ya mwaka 1966, ambayo twaona yafaa kuelezwa zaidi, kwa kuwa hapo ndipo swali lenyewe lilipojitokeza mbele ya watu wote: aliyesomeshwa kwa fedha za wengi anawiwa nini? Jeshi la Kujenga Taifa lilikuwa limeanzishwa mwaka 1963, na vijana walijiunga kwa hiari. Wasomi hawakujiunga kwa wingi. Ndipo Serikali ilipotaka kuwalazimisha wote wanaomaliza vyuo na masomo ya juu wafanye utumishi huo kwa muda wa miaka miwili: miezi michache kambini, na miezi 18 katika kazi zao za kawaida, lakini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi walikasirika. Waliona wananyang'anywa jasho lao kabla hata ya kulitoa.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu, pamoja na wenzao wa vyuo vingine vya Dar es Salaam, waliandamana wakiwa wamevaa majoho yao mekundu, wakabeba mabango. Bango moja lilisema afadhali ukoloni. Rais aliwapokea Ikulu, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema nao kwa hasira ambayo waliokuwapo hawakuisahau. Akawaambia ya kuwa kama mishahara mikubwa ndiyo inayowatia tamaa, yeye ataanza kuupunguza wa kwake, na papo hapo akautangaza kuwa umepunguzwa kwa asilimia 20. Kisha akawarudisha makwao. Karibu vijana 400 walifungasha masanduku yao siku zile, wakapanda treni na mabasi kurudi vijijini kwa wazazi waliokuwa wamewachinjia mbuzi walipoondoka. Wengi wao walisamehewa wakarudi chuoni mwaka 1967. Ni mwaka huo huo, mwezi wa Februari, lilipotangazwa Azimio la Arusha, nao wanahistoria wengi huyatazama mambo haya mawili kuwa ni ndugu.

Mwalimu alikuwa na mfano alioupenda katika jambo hili. Kijiji kimepatwa na njaa. Chakula kilichobaki ni kidogo, wala hakitoshi watu wote. Wanakijiji wanashauriana, wanampa kijana mmoja mwenye nguvu chakula chote, apate kwenda mbali na kuwaletea wengine. Akila, akashiba, akafika kwenye neema, akakaa huko asirudi, ni mtu wa namna gani? Wasomaji wetu wanaolima wanaufahamu mfano huo pasipo kufasiriwa. Lakini sisi twaona una upande mwingine pia, ambao vijana wale wa 1966 walijaribu kuusema, ingawa waliusema vibaya: yule aliyetumwa naye ana mama kijijini, ana wadogo wanaongoja awatoe, na mshahara wake wa kwanza umekwisha kugawanywa kabla haujafika. Wazazi wengi wakati ule walikuwa wameuza mali ili mtoto afike sekondari. Walikuwa na dai lao katika mshahara huo, na Serikali ilikuwa na la kwake. Dai hizo mbili hazijapatana hata leo.

Mwezi wa Novemba 1974 Azimio la Musoma likaongeza sharti jingine. Kijana aliyemaliza kidato cha sita hakuweza tena kwenda moja kwa moja chuo kikuu. Ilimpasa kwanza kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi miaka miwili, tena aletewe ushuhuda mwema na wakuu wake wa kazi na wa chama. Nia ilikuwa njema, kwamba chuo kipate watu wazima waliokwisha kuonja kazi. Walakini haukupita muda mrefu ikaonekana ya kuwa wasichana wamepungua, maana katika miaka hiyo ya kungoja wengi waliolewa au walishikwa na malezi. Mwaka 1976 Serikali ikawaondolea wanawake sharti la kufanya kazi kwanza.

Hapa inafaa kuwatazama majirani zetu wa Kenya, kwa kuwa mpaka mwaka 1970 tulikuwa na chuo kikuu kimoja pamoja nao. Huko Serikali ya kikoloni ilikuwa imeanzisha mfuko wa mikopo mwaka 1952 kwa ajili ya waliokwenda kusoma nje ya Afrika Mashariki. Halafu, mwaka ule ule 1974 ambao sisi tulikuwa tunadai jasho kwa Azimio la Musoma, wao walianza kuwakopesha wanafunzi wa chuo kikuu fedha. Mpango wao ulipata shida tangu mwanzo. Watu wengi, na wanafunzi wenyewe, walidhani ni zawadi, wala Serikali haikuwa na sheria ya kutosha ya kuwadai. Fedha zikatoka zisirudi. Ilipofika mwaka 1995 ndipo walipotunga sheria na kuweka bodi maalum ya mikopo ya elimu ya juu. Sisi tulikuja kupita njia hiyo hiyo, tukajikwaa kwenye jiwe lile lile, ingawa wao walikuwa wametangulia mbele yetu na kidole kinavuja damu.

Kwa upande wetu mambo yalianza kuwa magumu baada ya mwaka 1978. Vita vya kumwondoa Idi Amin, bei ya mafuta, mazao yetu kukosa bei, yote yalikula hazina ya nchi. Mwaka 1986 Serikali ikapatana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na moja ya mambo yaliyofuata ni wananchi kuambiwa wachangie gharama za huduma. Katika elimu ya juu jambo hilo lilianza kutendeka mwaka 1992. Mwanzo mwanafunzi aliambiwa ajilipie vitu vidogo, kama nauli na ada ya kujiandikisha; baadaye chakula na malazi navyo vikawa juu yake. Tangu mwezi wa Julai 1994 Serikali ikaanza kumkopesha fedha za chakula na malazi. Wizara ndiyo iliyokopesha, na wizara ndiyo iliyotakiwa kudai. Ilikopesha vizuri zaidi kuliko ilivyodai. Vijana walimaliza, wakatawanyika, wengine wakapata kazi nzuri kabisa, na karatasi za madeni yao zikabaki kwenye makabati.

Ndipo Bunge lilipotunga Sheria namba 9 ya mwaka 2004 ya kuanzisha Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo Bodi ikaanza kazi mwezi wa Julai 2005. Ilipewa kazi mbili: kuwakopesha Watanzania wahitaji, na kukusanya madeni yote yaliyotolewa tangu 1994. Katika mwaka wake wa kwanza ilitoa kama shilingi bilioni 56. Miaka ya karibuni fedha hizo zimepita bilioni 700 kwa mwaka, wala hazitoshi, kwa kuwa vyuo vimeongezeka na shule za sekondari za kata zimetoa vijana kwa maelfu.

Twawaomba wasomaji walitazame vizuri neno hili *wahitaji*. Zamani aliyefaulu alilipiwa kwa sababu amefaulu. Tangu 1994, na hasa tangu 2005, kufaulu kumekuwa mlango wa nje tu; ndani kuna mlango wa pili, na ufunguo wake ni kuthibitisha umaskini. Mkulima wa Nyerere wa mwaka 1966 hakuwa na haja ya kumweleza mtu ye yote ya kuwa yeye ni maskini. Mkulima wa leo lazima aeleze, tena kwa karatasi zenye mhuri.

Karatasi zenyewe ndizo zinazowaangusha watoto wetu. Sisi walimu twaona kila mwaka. Maombi hufanywa kwa njia ya intaneti, kwa hiyo kijana wa kijijini hushuka mjini, akaingia duka la steshenari, akamlipa mtu wa kumwandikia, na mtu huyo huandika upesi kwa sababu nyuma kuna foleni. Iko ada ya maombi ya shilingi 30,000. Hutakiwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, yaani ofisi ya Serikali ya vizazi na vifo. Kama mzazi amefariki, hutakiwa cheti cha kifo kilichohakikiwa vivyo hivyo; na wangapi miongoni mwetu, baada ya kuzika, hukumbuka kwenda wilayani kutafuta cheti? Mtoto ni yatima machoni pa kijiji kizima, kaburi liko pale nyuma ya nyumba na msalaba wake, lakini katika kitabu cha Bodi baba yake angali hai. Tena hutakiwa mdhamini, na sahihi ya serikali ya kijiji au ya mtaa, na ya hakimu au wakili.

Jambo la majina nalo limewakwamisha wengi. Bodi humtambua mwombaji kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne na jina lililoandikwa huko. Sasa mtoto alibatizwa Yohana. Mwalimu wa darasa la kwanza akamwandika John. Cheti cha kuzaliwa kikatafutwa baadaye kwa jina la babu. Nyumbani ni mtoto mmoja, ofisini ni watu watatu. Itambidi apate hati ya kiapo, nayo ina gharama na safari yake, na dirisha la maombi hufungwa kwa tarehe isiyomngoja mtu.

Iko habari nyingine inayowahusu hasa wale waliosomeshwa na wafadhili. Bodi hutazama ni shule gani mwombaji alisoma na ada gani ililipwa, ikikisia ya kuwa aliyelipiwa ada kubwa katika shule ya binafsi ana wazazi wenye uwezo. Kisio hilo si baya kwa watu wengi. Lakini binti wa mjane, aliyesomeshwa na parokia au na usharika katika shule nzuri, huhesabiwa pamoja na watoto wa matajiri asipoambatanisha barua ya mfadhili. Barua hiyo ni ya ukurasa mmoja. Kuikosa kumewagharimu wengine mwaka mzima. Aliyenyimwa, au aliyepewa pungufu, anao muda wa kukata rufaa, na wengi hawakati kwa sababu hawakuambiwa ya kuwa rufaa ipo.

Upande mwingine wako wenye magari na nyumba za kupangisha ambao hupata barua ya umaskini kwa kumfahamu mtoa mhuri. Twalisema wazi, maana ni watu tunaosali nao. Mfuko ni mmoja. Shilingi anayoichukua huyo ni ya mwingine.

Basi tuje kwenye deni lenyewe. Fedha anazopewa mwanafunzi mkononi kwa chakula na malazi, wanafunzi huziita bumu, na neno hilo lina mlio wa sherehe. Lakini ni mkopo. Kila shilingi imeandikwa, pamoja na ada iliyokwenda moja kwa moja chuoni, ambayo kijana hakuiona kwa macho na kwa hiyo huisahau upesi zaidi. Akiajiriwa, mwajiri hulazimika kuukata mshahara wake na kuipelekea Bodi. Kwa muda makato yalikuwa asilimia 8. Sheria ilipobadilishwa mwaka 2016 yakawa asilimia 15, na waliokwisha kuanza kulipa kwa 8 wakajikuta kwenye 15. Mwalimu kijana mwenye mshahara wa shilingi 800,000, aliyekuwa akikatwa 64,000, alianza kukatwa 120,000. Sisi twaona hapo Serikali ilikaza kamba kuliko ilivyopasa, kwa kuwa mtu hupanga nyumba yake kwa hesabu aliyoambiwa wakati wa kutia sahihi. Asiye na mwajiri alitakiwa alipe mwenyewe, si chini ya shilingi 100,000 kwa mwezi au sehemu ya kumi ya kipato chake kitozwacho kodi.

Lililowaumiza watu zaidi ni lile la kulinda thamani ya mkopo, lililoongeza asilimia 6 kila mwaka juu ya deni. Aliyedaiwa shilingi 10,000,000 aliongezewa 600,000 kwa mwaka, hata kama alikuwa bado anatembeza barua za kutafuta kazi. Juu yake ilikuwapo adhabu ya asilimia 10 kwa aliyechelewa kuanza kulipa. Tumekutana na watu waliokatwa miaka kadhaa, kisha walipouliza wakaambiwa deni ni karibu lile lile. Siku ya Mei Mosi 2021 huko Mwanza Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta ile asilimia 6, na mwaka huo huo adhabu ya 10 nayo ikaondolewa. Ilikuwa haki. Deni la masomo lilikuwa limeanza kufanana na la mkopeshaji wa mtaani.

Wako wanaouliza kwa nini mtu alipe, ikiwa wazee wake hawakulipa. Tumekwisha kuonyesha ya kuwa walilipa: kwa miaka 5 ya kupelekwa wasikotaka, kwa jembe la kambini, kwa miezi 18 ya asilimia 40 ya mshahara. Tofauti iliyopo ni kwamba malipo ya zamani yalimrudisha msomi kwa watu, akafundisha na kutibu huko alikotumwa, na malipo ya sasa huirudisha fedha peke yake. Daktari akiisha kukatwa asilimia 15 yake hawiwi tena kwenda Newala. Wengine huona huo ndio uhuru, na wako sahihi kwa upande wao. Lakini wauguzi na walimu wa sayansi wa vijijini kwetu ni haba, wala hatudhani ya kuwa jambo hilo halihusiani na hili. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 Serikali imeanza pia kuwapa ufadhili usiolipwa wale waliofaulu sana katika sayansi, ambao huitwa kwa jina la Rais Samia. Hivyo maksi zimerudi kwa mlango mdogo.

Imebaki habari ya vyeti vya kuzaliwa, nayo ina historia yake. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilitungwa mwaka 1920, lakini kwa miaka mingi Waafrika walio wengi hawakulazimishwa kuifuata, na vijijini karibu hapakuwa na aliyejua ya kuwa ipo. Walioandika siku za kuzaliwa kwa watu wetu walikuwa mapadre na wachungaji, katika vile vitabu vikubwa vya ubatizo. Ndiyo sababu hata leo, mtu mzima akiomba cheti cha kuzaliwa kwa kuchelewa, cheti cha ubatizo hukubaliwa kuwa moja ya ushahidi wake, pamoja na kadi ya kliniki na karatasi za shule. Yafaa vitabu hivyo vitunzwe mbali na mchwa na maji ya mvua, kwa kuwa wako vijana wa kidato cha sita ambao tarehe yao ya kuzaliwa haipo mahali pengine po pote.

Mwaka 2013 Serikali ilianza mkoani Mbeya mpango wa kuwaandikisha bila malipo watoto walio chini ya miaka 5, katika zahanati na katika ofisi za kata, mama akatoka na cheti mkononi siku ile ile. Mpango huo umeenea katika mikoa mingine baadaye. Watoto wale waliokuwa na karibu miaka 5 wakati ule watafika umri wa kuomba mkopo wa chuo kama mwaka 2027 au 2028, nao watakuwa wa kwanza kufika dirishani kwa wingi wakiwa na cheti walichoandikiwa wangali wadogo.